Mwaka wa Kumkosea Mzee Elinaja

Msemaji wa familia alipofika mahali pa kusema kwamba marehemu Mama Aika alikuwa mtu mpole ambaye hakuwahi kugombana na jirani yeyote, niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta leso. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, chini ya turubai, na miguu yangu, ambayo siku hizi huvimba nikisafiri kwa basi, ilikuwa imebanwa na kiti cha mbele. Dada mmoja aliyekaa kando yangu alidhani nalia, akanishika bega. Sikuwa nalia. Nilikuwa najizuia kucheka, na chini ya kicheko kulikuwa na hasira, kwa sababu watu wakifa tunawapiga pasi mpaka mikunjo yao yote inapotea, na mikunjo ndiyo tuliyowapendea. Mama Aika niliyeishi kwake mimi aligombana na jirani karibu mwaka mzima, kila wiki, kwa mpango maalumu, na nusu ya waombolezaji waliokaa pale walikuwa wamefika msibani kwa miguu wakipitia njia iliyozaliwa na ugomvi huo. Nilitamani kusimama niseme. Lakini ratiba ilikuwa imejaa, wachungaji walikuwa wawili, na mimi sikuwa ndugu. Nimerudi nyumbani na maneno yakiwa bado kooni, ndiyo maana nayaandika.

Nilifika Kiboriloni miaka ile ya mwanzo wa themanini, vita vikiwa vimekwisha na madukani kukiwa kumebaki rafu na mwenye duka. Ya kwetu, kule chini kwenye mashamba ya miwa, nitayaacha. Hayana kazi hapa. Nilikuwa msichana aliyetoka chuoni, nimepata kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Moshi, na mali yangu ilikuwa sanduku la bati na baiskeli ya Kichina yenye tairi zilizoshonwa kwa uzi wa katani, maana tairi mpya zilikuwa hadithi. Chumba nilichopanga kwa Mama Aika kilikuwa nyuma ya nyumba, ukuta wake mmoja ukiwa ndio ukuta wa jiko. Moshi wa kuni ulipenya kwenye nyufa za mbao, ukakaa kwenye nguo zangu, na wenzangu ofisini walinusa nilichokula kabla sijawaambia. Nilichokula kilikuwa mtori. Siku za neema ulikuwa wa nyama, siku nyingine wa mifupa, na mara nyingi ndizi zilizopondwa na maziwa tu. Mimi niliyelelewa na ugali nilinung'unika wiki za mwanzo, kisha unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ulipoanza kugawiwa kwa foleni ndipo nikaelewa nilikuwa nakula vizuri kuliko mkuu wangu wa kazi. Kupitia ukuta ule nilisikia kila kitu. Wanawake walioteremka na ndizi kutoka Mbokomu na Old Moshi walipumzika jikoni kwa Mama Aika kabla ya kuendelea mjini, na mimi nikiwa nimelala nilisikiliza vikombe vikiwekwa chini, Kichagga kikichanganywa na Kiswahili, na tena na tena neno moja: kona.

Kona hiyo ilikuwa kati ya Kiboriloni na mjini. Barabara kuu ilijikunja pale, na ua wa kihamba cha Mzee Elinaja, shamba lake la ukoo la migomba na kahawa, ulikuja mpaka ukingoni mwa lami. Upande wa pili kulikuwa na ukingo wa udongo uliosimama wima. Basi mtu wa miguu, mtu wa baiskeli na lori la mizigo wote walipita juu ya lami ile ile. Mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani hawezi kugeuka kutazama nyuma. Husikiliza tu, na husogea kwa kadiri anavyosikia, na pale hapakuwa na pa kusogea. Mwezi wangu wa kwanza lori lilinipitia karibu hata nikaacha usukani nikaingia kwenye ua kichwa kwanza. Mama Aika aliniosha kiwiko kwa maji ya chumvi bila kunipa pole hata moja. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, mwenye sauti ya chini ambayo watu walilazimika kuisogelea. Alisema, "Wewe umeanguka na baiskeli. Mwenzako wa mwaka jana alianguka na mtoto mgongoni." Nikamuuliza kama mtoto alipona. Akaendelea kuosha kiwiko.

Ofisini nilipiga chapa barua za watu wanaolalamikia kona ile, na majibu yake pia. Wahandisi walikuwa wanazungumza dirishani mbele yangu kama vile mpiga chapa ni sehemu ya mashine. Saruji hakuna. Dizeli ya greda hakuna. Rangi ya kuchora mstari hakuna. Mmoja wao, kijana msafi sana, alisema watembea kwa miguu wajifunze kutembea kwa uangalifu, na nikapiga sentensi hiyo kwenye karatasi rasmi kwa vidole vyangu mwenyewe. Sikuweza kukaa. Mwaka ule wote sikuweza kukaa. Nilikula nimesimama, nilisuka nywele nusu nikaziacha, niliandika maombi ya uhamisho wa kwenda Dar nikayachana. Kila mahali nilipokuwa nilihisi kwamba jambo fulani linaendelea mahali pengine na mimi nachelewa.

Mahali pekee nilipotulia ni barabarani Jumapili alasiri. Vijana wa leo hawaamini nikiwaambia: kwa sababu ya uhaba wa mafuta, Jumapili kuanzia saa nane mchana magari ya binafsi hayakuruhusiwa kutembea bila kibali. Lami yote ikawa yetu. Watu walitoka kanisani wakatembea katikati ya barabara, wamevaa vizuri, wamekamatana mikono. Akina baba walisimama kuzungumza juu ya mstari wa kati. Mimi nilipanda baiskeli nikiwa nimeachia mikono. Jumapili moja Mama Aika alisimama katikati ya kona, mikono nyuma, akatazama juu na chini kama mtu anayepima kiwanja. "Leo barabara ni ya watu," akasema. "Mimi sitaki barabara yao. Nataka hatua tatu tu pembeni, nipite na baiskeli yako ipite." Nikamwambia hatua tatu hizo ni kihamba cha mtu. "Najua ni za nani," akasema. "Alimsimamia mwanangu ubatizoni."

Alianza kwa heshima. Alikwenda na wazee wawili wa usharika na mimi nyuma yao, na Mzee Elinaja alitupokea sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, akatukaribisha chai isiyo na sukari na kuomba radhi kwa hilo. Alikuwa mzee mwembamba, mwalimu mstaafu, koti limefungwa vifungo vyote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Barabara hii ilipochimbwa ilichukua kipande cha baba yangu. Ilipowekwa lami ikachukua kingine. Baba na mama wamelala pale, mnapaona, karibu na ua. Mkichukua hatua tatu, ya nne itakuwa juu yao." Nilimchukia kwa sababu sikuwa na jibu. Katibu wa Chama wa pale aliposikia alijitolea kuleta amri, ua ung'olewe kwa manufaa ya umma, jambo liishe. Mama Aika alimshukuru akamkatalia. Nilimfuata jikoni nikimuuliza kama ana akili timamu. Akasema, "Mtu akitolewa kwa amri leo, kesho amri hiyo hiyo itajua mlango wangu. Na wewe, Tabita, una haraka ya mtu asiye na shamba."

Hapo ndipo nilipojifunza isale. Ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao Wachagga hupanda kuonyesha mpaka wa kihamba, na penye kaburi pia. Ua wa Mzee Elinaja ulikuwa wa masale matupu. Lakini jani lake lina kazi nyingine. Mtu akikukosea, akikuletea jani la isale mkononi kukuomba msamaha, humkatai. Unaweza kuwa na hasira ya kuua, lakini jani likishafika unaketi naye, unamsikiliza, unasamehe. Nilimuuliza Mama Aika kwa nini basi tusimpelekee Mzee isale. Mmoja wa wanawake jikoni, Mama Ndeshi, aliyekuwa na kicheko cha karibu, alinieleza kwamba isale si ombi la kiwanja. Anayelipeleka lazima awe amekosa. "Na sisi mzee wa watu hatujamkosea lolote," akasema.

Mama Aika alikuwa anaponda ndizi. Hakuinua macho. "Hilo linarekebishika," akasema.

Jumamosi ya soko, badala ya kufuata lami, wanawake wote wenye mikungu walifika kwenye kona wakapinda, wakapenya kwenye uwazi wa ua na kupita katikati ya kihamba cha Mzee Elinaja, kati ya migomba na mibuni yake, mmoja nyuma ya mwingine, bila kukanyaga makaburi wala kugusa punje moja ya kahawa, wakatokea upande wa pili. Nami nilipita nikisukuma baiskeli. Mzee alitoka na fimbo, akasimama barazani. Kila aliyepita mbele yake alimsalimia, akimwita mbe, kwa heshima ya Kichagga. "Shikamoo mbe." Naye, kwa mazoea ya maisha yote, aliitikia kila moja, marahaba, marahaba, marahaba, huku uso ukizidi kuiva. Jumapili alasiri tulitembea katikati ya lami tupu tukimpelekea jani la isale. Mama Aika alilishika kwa mikono miwili.

"Nimekuja, mbe. Nimekukosea. Nimepita kwako bila ruhusa."

Mzee alitazama jani. "Umenikosea kwa makusudi," akasema. "Ili uniletee hili."

"Kweli. La bahati mbaya si lingejisamehe lenyewe? La makusudi ndilo nimekuja kuliombea."

Mkewe, Bibi Elinaja, alitoka chumbani kwa ghafla akaenda kusimama nje, na kupitia dirishani niliona mabega yake yakitikisika. Mzee alipokea jani. Hakuwa na njia nyingine. Alikuwa Mchagga na alikuwa mzee wa kanisa, amebanwa pande zote mbili. "Nimesamehe," akasema. "Lakini Mama Aika, kusamehe siyo kutoa." Mama Aika akainama. "Nimeelewa, mbe. Basi Jumamosi tutakukosea tena."

Na tulimkosea. Jumamosi tulipita, Jumapili tulipeleka isale. Mambo yakaenda hivyo wiki kwa wiki mpaka yakawa na desturi zake. Bibi Elinaja alianza kupika kiburu cha Jumapili, ndizi na maharage, kwa sufuria kubwa, akijua wageni wa msamaha watakuja. Mzee alianza kuvaa koti kabla hatujafika. Walizungumza bei ya kahawa, mahubiri, nani ameoa wapi, na katikati ya mazungumzo kona ilitajwa kidogo, kama mgonjwa wa familia. Watu wa Kiboriloni walifurahia. Mimi sikufurahia. Niliona tunacheza. Siku za katikati ya wiki, ambapo wanawake hawakuwa wengi wa kutosha kupita kwa kundi, malori yalikuwa yale yale na lami ilikuwa ile ile. Nilimwambia Mama Aika kwamba mtu atakufa pale huku yeye anakula kiburu. Alikasirika, mara ya kwanza na ya pekee kwangu. "Unadhani silali vizuri kwa sababu ya nini? Yule mzee ananijia. Namwona, taratibu, lakini anakuja. Ukimsukuma atakaa chini." Nilichukua baiskeli nikaenda mpaka Himo na kurudi, kwa hasira tu, na niliporudi alikuwa ameniwekea chakula kwenye majivu kisipoe.

Kahawa ilipoiva, Mzee Elinaja alimwomba jambo. Nilikuwepo. Alisema wachumaji wanaanza, mibuni imeelemewa matunda, na mikungu ikipita itayaangusha. Kama Mama Aika angekubali, wasipite kwake mpaka mavuno yaishe. Hakuamuru. Aliomba kama jirani. Mama Aika alikubali pale pale, na njiani kurudi alikuwa mchangamfu, akisema mzee ambaye juzi alikuwa anatufukuza kwa fimbo leo anatuomba, hiyo ni nusu ya safari. Wanawake wakarudi kwenye lami.

Kabla kahawa haijaisha lori lilimgonga Mama Aika. Sikuwepo, nililetewa habari ofisini na mtu aliyekimbia. Alikuwa na mkungu kichwani, akasikia magari mawili yanapishana nyuma yake, akasogea hadi majani ya ua yakamgusa bega, na kioo cha pembeni cha lori kikampata mgongoni, kikamtupa, gurudumu likapita juu ya paja. Dereva alisimama, hilo niseme, na alilia kuliko wote. Niliingia kona ile kwa baiskeli nikaona ndizi zimepondwa kwenye lami, na mpaka leo siwezi kuzieleza bila kusimama kwanza. Hospitalini walimnyoosha mguu kwa kamba na uzito uliotundikwa mwisho wa kitanda. Alikuwa mdogo ghafla. Alinitazama akasema mkungu ulikuwa wa Mama Ndeshi, mtu amwambie.

Mzee Elinaja alikuja siku ya pili, kwa miguu kutoka kwake mpaka hospitali, kupitia kona yake mwenyewe juu ya lami. Koti lilikuwa limefungwa vifungo vyote na mkononi alikuwa na jani la isale. Wodi nzima ya wanawake ilinyamaza, hata wale wasio Wachagga, maana waliona wenzao wamenyamaza. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Shikamoo mbe," Mama Aika akasema.

Hakuitikia. "Nilikuomba usipite kwangu," akasema. "Kwa ajili ya kahawa." Akalinyoosha jani mbele kwa mikono miwili. Nilingoja Mama Aika aseme. Ilikuwa saa yake: angeomba hatua tatu, angeomba kumi, angepewa. Alinyoosha mkono akapokea jani, akaliweka kifuani. "Nimesamehe, mbe," akasema. "Limekwisha." Mzee alibaki amesimama. Alikuwa anangoja. Kila mtu aliona anangoja aombwe, na Mama Aika alifumba macho kama aliyeshikwa na usingizi, mpaka mzee akaaga na kuondoka. Nilimrukia kwa maneno. Nilimuuliza kwa nini amenyamaza, mguu wote ule umevunjika kwa nini. Alifumbua jicho moja. "Ningemwomba angenipa," akasema. "Sitaki anipe. Kitu cha kupewa watoto wake watakuja kukidai. Mwache akakitoe mwenyewe." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikalia kwa hasira, nikimwona mjinga. Nilikuwa na hakika amepoteza.

Jumamosi iliyofuata, baada ya mchumo wa mwisho, Mzee Elinaja aliita msaragambo. Hakupitia Chama wala kanisa. Alitembea mlango kwa mlango akiita watu kwenye kazi ya pamoja, na wote walikuja, wanaume na majembe, wanawake na vikapu. Alianza yeye. Alipiga magoti mwisho wa ua, akang'oa isale la kwanza na mizizi yake, akahesabu hatua kuelekea ndani ya kihamba, akalipanda. Kung'oa mibuni kulikuwa kosa kwa sheria, na bwana shamba alifika akiwa na baiskeli yake, akaona mibuni iliyolala, akageuka kuutazama mlima kwa makini kwa muda, kisha akasema Kibo leo umejifunika, akaenda zake. Kwenye makaburi mzee alisimama. Kijia kilipaswa kupita karibu sana. Aliongea kidogo na waliolala pale, kwa Kichagga, kofia mkononi, halafu akaonyesha kwa fimbo kipite wapi. Jioni kulikuwa na njia ya udongo mwekundu iliyoshindiliwa, nyuma ya mtaro tuliouchimba kando ya lami, kutoka mwanzo wa kona mpaka mwisho wake. Nilipita na baiskeli mara nyingi, huko na huko, mpaka wakaniambia nishuke nile.

Nilimpelekea Mama Aika habari nikidhani atafurahi. Aliniuliza ikinyesha inashika tope? Mwenye mkungu na mwenye baiskeli wanapishana? Mzee amekula? Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, katibu wa Chama alitafuta gari ili apelekwe akaione. Alikataa. Alisema hawezi kwenda kukagua njia ya miguu akiwa amebebwa kwenye gari. Akakaa nyumbani, kwenye kigoda mlangoni, mguu umenyooshwa mbele, akinunua ndizi na kuwatuma wengine wakaziuze mjini, na jioni nilimsikia kupitia ukuta akijifunza kutembea kwa fimbo, akigonga sakafu, akitukana taratibu, akianza upya. Madaktari walikuwa wamemwambia hatabeba tena kitu kichwani. Hilo hakuwahi kulizungumza na mimi, na ndilo lililonifanya niache kuandika maombi ya uhamisho.

Alikwenda mwishoni mwa mwaka, siku ya soko, kwa miguu yake. Nilitembea nyuma yake nikisukuma baiskeli, tayari kumdaka, na alijua, na ilimkera. Wanawake walitupita na mikungu yao wakimsalimia. Malori yalipita upande wa pili wa mtaro na vumbi lao, na kwa mara ya kwanza kwenye kona ile sikukaza mabega. Mzee Elinaja alikuwa amesimama kwenye uwazi wa ua wake mpya, koti limefungwa. Mama Aika alifika pale alipogongwa, akasimama. Alitazama udongo. Alitazama masale, ambayo yalikuwa yameshika. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, na mimi nilitazama pembeni kwa sababu nami yalikuwa yananitoka. Kisha akainua fimbo akaelekeza ng'ambo ya lami, kwenye ule ukingo wa udongo, ambako wenye baiskeli wanaotoka mjini walikuwa wamejibana wakingoja lori lipite.

"Tabita," akasema, "yule aliyenunua shamba la juu pale, anasali usharika gani?"